Karatasi za Uvunguni

Kwa kitindamimba wangu,

Miguu imegoma, ila mkono bado unaandika. Mwaka wa mtihani wako wa mwisho, nikiwa nimechoka kukugombeza kwa chumba shaghalabaghala, nilikifagia mwenyewe na kuchoma karatasi zilizotapakaa uvunguni. Kumbe yalikuwa madokezo yako ya miaka miwili. Nikakudanganya kwamba mvua iliyalowesha nikayatupa.

"Basi, baba, yamo kichwani," ukasema.

Ukaketi kwenye meza niliyoipangusa ikang'aa, na kwa siku tisa ukayaandika yote upya, hata michoro ya moyo na mishipa yake. Nilichungulia mlangoni. Miaka thelathini ya ualimu sikuwa nimeona akili kama ile, nami ndiye niliyeichomea kazi yake.

Daktari ananihesabia siku. Njoo unigombeze nikiwa bado nasikia.

Baba yako