Alichotaka Mama Makena

Alhamisi, Julai.

Leo Meru haikuona jua. Ukungu ulishuka kutoka mlimani alfajiri ukakaa juu ya mabati ya mji hadi jioni. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa kukaa kwenye kiti na kusahau ulikuwa unataka kufanya nini.

Watu wakisikia mimi ni wakili wa kesi za kazi, husema, "Aa, unatetea waliofutwa." Siku hizi, ndiyo. Lakini nilianzia upande ule mwingine.

Nilipomaliza masomo ya uwakili nilichukuliwa na Bwana Njiru, mwenye ofisi Embu, na wateja wake wote walikuwa waajiri: shule za binafsi, viwanda, wenye mashamba makubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kumhoji mfanyakazi polepole, bila kupaza sauti, mpaka ajikanganye mwenyewe. Niliijua kazi hiyo vizuri. Kisha baba akaugua huko kwetu Kibirichia, ikabidi nirudi karibu na nyumbani. Nikafungua ofisi hapa Meru, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Waajiri hawakupanda zile ngazi. Waliopanda ni waliofutwa.

Sikuchagua upande. Upande ulinijia.

Mmoja wao ni Mama Makena. Alikuwa akipokea maziwa ya wakulima kwenye kiwanda kidogo upande wa Kianjai. Siku moja meneja alimsimamisha langoni, wafanyakazi wakiwepo na wakulima wamepanga foleni na mitungi yao, akaamuru mkoba wake umwagwe chini. Ndani hamkuwa na kitu ila miwani, kitambaa na viazi vitamu vya mchana. Hata hivyo akamwita mwizi wa maziwa, akamfuta papo hapo. Baadaye ilijulikana kwamba maziwa yalikuwa yakipotelea barabarani, mikononi mwa dereva. Dereva akaondoka. Hakuna aliyemrudia Mama Makena kumwambia lolote.

Kesi yake imeahirishwa mara nyingi hadi nimeanza kuona haya kumpigia simu.

Leo tulikuwa tusikizwe. Wakili wa kiwanda ni yuleyule Bwana Njiru, sasa mvi kichwa kizima. Kabla jaji hajaingia aliniita kwenye korido akasema mteja wake yuko tayari kulipa fidia, na fidia nzuri, mradi tumalizane bila mtu kukiri kosa. Nilitaka Mama Makena akubali. Nilitaka hivyo kwa ajili yake, na pia kwa ajili yangu, kwa sababu nguvu zimeniishia.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkoba wake mapajani.

"Wakili, hiyo pesa ni sawa," akasema. "Lakini yeye aje aseme pale langoni, watu wakiwepo, ya kwamba mimi sikuiba."

Nikamwambia jaji ana uwezo wa kuamuru alipwe, hata arudishwe kazini, lakini hilo la langoni sijawahi kuliona katika hukumu yoyote. Hakukasirika. Alinieleza tu kwamba kanisani kwao alikuwa mmoja wa wanaokusanya sadaka. Tangu siku ile hakuna aliyemtoa, hakuna aliyesema neno, ila kikapu kinampita kinaenda kwa mwingine.

Nilirudi kwa Bwana Njiru sijui hata nitaanzaje. Alivua miwani.

"Kagwiria, hiyo haimo kwenye sheria yoyote niliyokufundisha."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana simwombi jaji. Nakuomba wewe."

Akamchukua meneja wakaenda kusimama mwisho wa korido. Walizungumza muda mrefu. Meneja alikuwa akitikisa kichwa, akitikisa, mwishowe akaacha.

Tukamweleza jaji kwamba tumeelewana, na alasiri tukawa Kianjai, saa ya maziwa ya jioni. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Meneja alisimama langoni akasema kwa Kimeru, haraka haraka na kwa sauti ya chini, kwamba Mama Makena hakuiba, kwamba ofisi ndiyo iliyokosea. Akageuka aende zake.

"Rudia," Mama Makena akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Bwana Njiru aliinamisha macho. Mimi nilijua hapo ndipo kila kitu kinavunjika, na kwamba kesho tutakuwa tunaanza upya.

Meneja alirudi. Akapaza sauti, akasema yote tena tangu mwanzo, na mara hii alimtaja Mama Makena kwa majina yake yote. Mkulima mmoja mzee aliyekuwa nyuma kabisa aliweka mtungi wake chini, akaipita foleni nzima, akamshika Mama Makena mkono. Wengine wakamfuata. Yeye hakulia. Alikuwa akiitikia salamu mmoja mmoja, kama mtu aliyetoka safari.

Ningependa kuandika kwamba nimefurahi. Labda furaha itakuja nikishapumzika. Kwa sasa ninachofikiria ni wale wote waliopanda ngazi zangu, nami nikawapigia hesabu ya fidia kabla hata hawajamaliza kueleza.

Kesho asubuhi anakuja mwalimu mmoja kutoka Nchiru, amefutwa. Kabla sijamwambia sheria inampa nini, nitamuuliza yeye anataka nini. Halafu nitanyamaza, nimsikilize.