Kikohozi Kilichonyamaza

Furaha, mjukuu wangu,

Hapa Nyawera tuko wazima. Mama yako amepona malaria na kuku wameanza kutaga. Unauliza kama uwatangazie watu dawa, kwa kuwa katika maabara yenu maji ya lile jani la kwetu yamemaliza virusi vyote vya korona.

Nilipokuwa msichana kule Mwenga, kabla hatujahama, kaka yangu Amani alikohoa siku nyingi. Mganga wetu hakuingia chumba cha mgonjwa. Kwa desturi alikaa nje ya ukuta, akasikiliza. Tulimnywesha Amani maji ya jani hilohilo lililochemshwa. Kabla ya mchana kikohozi kilinyamaza.

"Maman, sikia! Iko kimya. Mutoto amepona!" mganga akaita, akicheka.

Mama naye akacheka, akakoroga uji. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta, nikingoja nisikie hata kitanda kikilia. Ukimya ule ulinitisha kuliko kikohozi. Mama alipoingia na bakuli, mikono ya Amani ilikuwa imeshakuwa baridi.

Mganga hakusema uongo. Kikohozi kweli kilikuwa kimekwisha.

Kwa hiyo usitangaze bado. Uliniandikia kwamba virusi vyenu mlivikuza ndani ya seli, na seli ikifa navyo haviongezeki. Ingia uangalie kama seli zenyewe ziko hai, kisha uniandikie.

Koko wako