Pale pa Bembea Tuweke Nini?

Mpendwa Baba Mabula,

Mwadila, nakusalimu. Huku mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na paa la jikoni linavuja palepale ulipolipaka lami. Kwa kawaida ningeishia hapo, maana sijawahi kuwa mtu wa maneno mengi. Wewe ndiye uliyekuwa na maneno ya watu wawili. Lakini uliondoka ukiwa umeniuliza swali, na sasa mwanao ameniuliza lilelile, ila yeye alitaka jibu kabla ya Jumapili. Nimeona nianze na wewe kwa sababu ulitangulia kuuliza.

Barua hii naiacha wazi, anayetaka aisome. Kwa hiyo nitaeleza na mambo unayoyajua, nivumilie.

Ulikuwa fundi mashine wa jineri, unachambua pamba tangu ujana wako. Ilipokuja miaka ya ruksa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, chama cha ushirika kikaanza kukohoa, na ninyi mafundi mkaambiwa mkapumzike nyumbani. Wenzako walifungua vibanda vya sabuni na betri. Wewe ulirudi na mkokoteni umejaa vyuma chakavu, ukavishusha kwenye kiwanja chetu cha barabarani, ukaniambia, "Ng'wana Limbu, sasa Bariadi kuna maduka ya kila kitu. Pa kucheza ndipo hapajapatikana."

Ukiniita Ng'wana Limbu, binti wa Limbu, kwa jina la baba yangu, nilijua kuna jambo limeshaamuliwa. Siku za kawaida nilikuwa Mama Mabula tu. Nilikuuliza ni nani atakayeacha palizi aje kucheza. Ukasema, "Wewe subiri." Nikaenda zangu kupalilia.

Ulianza na bwawa la kuogelea. Uliwaita wachimbaji kutoka Lalago, wale wanaochimba malambo ya kunyweshea ng'ombe, kwa sababu ndio waliojua kazi ya kuchimba na kutunza maji. Wakachimba kama wanavyojua: upande mmoja wakauacha mteremko mpole. Uliwasifu sana. "Watoto wataingia polepole bila hofu," ulisema. Siku ya mnada wakaingia ng'ombe, polepole, bila hofu. Kundi zima lililotoka safari na kiu yake lilishuka kwenye ule mteremko likanywa, na mchungaji wake akakushukuru kwa ukarimu. Ulikuwa umesimama pale na kaptula yako mpya, ukajibu, "Karibuni." Ungesema nini? Ng'ombe akiona lambo, ni lambo. Kesho yake maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, harufu yake sitaiandika.

Kisha ukatengeneza mtelezo. Uliupinda mwenyewe kwa bati bapa, ukausugua mpaka ukang'aa, ukauelekeza magharibi ili watu wa barabarani wauone. Jua la saa nane likauona kwanza. Wa kwanza kuteleza alikuwa Mabula wetu. Alianza juu anacheka, akafika chini analia, na wiki nzima alikula chakula chake amesimama.

Lakini roho yako ilikuwa kwenye bembea ya kuzunguka. Nguzo ya chuma katikati, beringi za mashine ya zamani, viti vya mbao kuizunguka, na mti mrefu wa kufungia maksai wetu wawili waliokuwa wanavuta plau. Wiki ile uliyopunguzwa kazi uliwabadilisha majina, mmoja ukamwita Meneja na mwingine Karani. "Na mimi nimpe meneja amri kabla sijafa," ulisema. Nilicheka siku hiyo, nakiri.

Jumapili ya kufungua, watu walikuja wametoka ibadani, wamependeza, watoto wana soksi nyeupe. Ukamfunga Meneja, ukamfunga Karani, ukapiga mluzi. Wakazunguka kidogo. Wakasimama. Halafu wakalala chini na nira yao shingoni, wakaanza kucheua. Ulibembeleza, uliimba, uliwaletea mashudu. Wakala mashudu wakiwa wamelala. Bi Zuhura, jirani yetu aliyekuwa akiuza maandazi getini, akakuita mbele za watu wote: "Baba Mabula! Meneja wako yuko likizo!" Watu wakafa kwa kicheko. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Ulisema ng'ombe wale wana kiburi cha ofisi.

Kabla ya msimu wa pamba kwisha, ulikuwa umetundika vibao vitatu vya "Pamefungwa", kimoja bwawani, kimoja kwenye mtelezo, kimoja kwenye bembea. Mimi nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza ilianza, kwa sababu watu hawakuacha kuja.

Walikuja kukaa. Walinunua soda, wakakaa kwenye kingo za bwawa, wakatazama vitu vilivyofungwa na kushauri nini kiwekwe badala yake. Bi Zuhura alitaka ngamia, alisema mtoto akipandishwa ngamia hasahau mpaka uzee. Mwalimu mmoja alitaka treni ndogo. Ukamuuliza itatoka wapi kwenda wapi, akajibu, "Itatoka hapa, ije hapa." Wewe ulitaka gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani, ili anayekaa juu aone mpaka Nyalikungu kwa dada yako, ajue kama yupo nyumbani kabla hajapanda basi kumtembelea. Wakanigeukia. "Mama Mabula, na wewe?" Nikasema tuanze na choo. Choo ukakijenga, tena kizuri. Ndicho kitu pekee pale ambacho hakijawahi kufungwa.

Jioni wakishaondoka tulibaki sisi wawili, mimi nakusanya chupa, wewe unapaka grisi beringi za bembea isiyozunguka. Kila Jumapili. Nilikuuliza unaipaka ya nini. Ukasema chuma hakijui kwamba kimefungwa. Halafu unaanza: "Ng'wana Limbu, pale pa bembea tuweke nini?" Nami nakupa jibu, unalikataa, nakupa jingine. Ukumbi wa video. Mashine ya kusaga. Jukwaa la ngoma, ili wacheza ngoma wakishamaliza mavuno wasiende kukanyaga mashamba ya watu. Lile la jukwaa ulilitafakari mwezi mzima, mpaka nikaogopa kwamba utalijenga.

Hata tukigombana, na tuligombana, Baba Mabula, usijifanye malaika kwa kuwa upo huko, sikumbuki mmoja wetu akisema samahani. Tunanuniana siku mbili, tatu. Kisha usiku wakati wa kula unasema, bila kuniangalia, "Nimefikiria kuhusu pale pa bembea." Basi, yamekwisha. Nakuongezea mboga.

Na pale hospitali, siku yako ya mwisho kuongea vizuri, nilikuwa nakunywesha uji. Ukauzuia mkono wangu. "Pale pa bembea umeshapata?"

"Bado nafikiri," nikasema.

"Fikiri. Mimi nasubiri."

Sikulia siku ile, na kwenye msiba nililia kwa kiasi, watu wa kwenu wakaona nimelia kidogo. Niliwasikia. Mambo ya kulilia nilikuwa nayo, ila yalikuwa ya kijinga mno kusemwa mbele ya wafiwa. Ningesemaje? Kwamba sasa nani ataniuliza tuweke nini? Niliendelea na kazi. Nimelima, nimevuna, nimeuza pamba kwa hao hao binafsi. Jumapili nakwenda kule na kopo la grisi, napaka, narudi. Sijui naipaka ya nini. Nakukumbuka, ndiyo maana yake, nimeisema.

Sasa Mabula. Mwanao amekuwa mtu mzima, anafanya kazi Mwanza kwa tajiri wa mafuta, na amepata tumbo. Alikuja wiki iliyopita. Tajiri wake anakitaka kiwanja chetu ajenge kituo cha mafuta, magari ya Mwanza yanazidi kila siku na yote yanapita hapo. Mabula alinieleza vizuri, bila jeuri. "Mama, pale pamefungwa tangu mimi ni mtoto. Kitu kilichofungwa miaka yote hiyo si kitu tena. Wewe unapaka grisi kaburi." Nikamwambia kaburi la baba yake liko kwingine na halihitaji grisi. Halafu akauliza kwa upole, na ndipo aliponishika: "Haya, wewe ungeweka nini pale?"

Miaka yote ile ya majibu, na sikuwa na hata moja. Sikukiogopa kituo cha mafuta, kituo ni kitu cha maana, hata Bi Zuhura anasema atauza maandazi mara tatu. Nilichoogopa ni kwamba pakishawekwa kitu, swali litakwisha, na swali lile ndilo lililobaki kati yangu na wewe.

Nikamwambia anipe hadi Jumapili.

Jana Alhamisi aliamka mapema akasema ataanza kusafisha. "Si kwamba umekubali, mama. Nang'oa tu vyuma." Nilimwacha. Aliwatoa Meneja na Karani, hawa wa sasa waliorithi majina ya wale wa kwanza, akawafunga mnyororo kwenye ule mti mrefu wa bembea ili waing'oe nguzo. Jua lilikuwa ndio kwanza linatoka, nyasi bado zina umande. Akapiga mluzi, mluzi wako uleule.

Wakavuta. Nguzo haikung'oka. Bembea ikazunguka.

Ilizunguka taratibu, bila kelele, kwa sababu ya grisi yako na yangu. Mabula akapiga kelele wasimame. Hawakusimama. Asubuhi ile walikuwa na nguvu, wanakanyaga kama wako shambani, mzunguko baada ya mzunguko. Mwanao akabaki ameshika mjeledi, mdomo wazi.

Wakati huo ndio watoto wa chekechea ya kanisani hupita na mwalimu wao, Kabula. Walisimama mstari mzima. Kitoto kimoja kikauliza, "Bibi, hiyo ni nini?" Nikasema ni bembea. "Inaruhusiwa?" Nilimtazama Mabula. Mabula akatazama pembeni. Nikasema inaruhusiwa.

Walipanda, wakashuka, wakapanda tena, na kelele zao zilimfikisha Bi Zuhura akiwa na mwiko mkononi. Meneja na Karani hawakujali. Walizunguka mpaka jua lilipoanza kuchoma mgongo, kama saa nne hivi, wakasimama wenyewe, wakalala, wakaanza kucheua. Na watoto walikuwa wameshaitwa kunywa uji.

Mabula alikuja akakaa karibu nami kwenye ukingo wa bwawa. "Mama, hivi baba alikuwa anafungua saa ngapi?"

"Saa nane. Baada ya ibada."

"Na ng'ombe wa plau huwa wanafunguliwa saa ngapi?"

Baba Mabula, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Saa nne! Kila mtoto wa Simiyu anajua hilo! Ng'ombe wa plau huanza alfajiri, jua likikaza anafunguliwa, kazi yake imekwisha, na hata ukimpiga hakuelewi. Mimi na wewe tumezaliwa mashambani, tumekua nyuma ya mikia ya ng'ombe, na kwa Jumapili zote zile hatukuwaza. Kwa sababu asubuhi ni ya shamba na ya ibada, na mchezo ni wa mchana, nani angefikiri vingine? Tukamtukana Meneja bure. Alikuwa anafuata saa zake za kazi. Mabula naye alicheka, na akicheka ana meno yako yale ya mbele. Hapo ndipo nililia. Nililia vizuri, ndugu zako wangeridhika.

Alipomaliza kunisubiri akasema, "Nitamwambia tajiri mama bado anafikiri."

"Yaya," nikasema, hapana. "Mwambie mama ameshafikiri."

Hakufurahi, sitakudanganya. Amerudi Mwanza na uso mzito, na huenda anayo haki. Lakini kabla ya kupanda basi alikwenda akafungua ule mnyororo, akafunga nira ya ng'ombe sawasawa kwenye ule mti, kwa urefu unaofaa, ili leo nisihangaike. Leo watoto wamekuja tena. Kabula anasema watakuwa wanaanzia hapa kila asubuhi kabla ya kuhesabu na kuimba.

Kwa hiyo usisubiri tena. Ngamia hapana, treni hapana, gurudumu la kuchungulia nyumba ya dada yako hapana. Pale pa bembea nimeweka bembea.

Bado pale pa mtelezo. Mimi naona kivuli kwanza, halafu mtelezo uleule uelekee mashariki. Najua utakataa.

Wabeja, asante, mume wangu. Lala salama.

Mimi Mama Mabula wako,
Ng'wana Limbu