Sanduku la Jerotich

Jumapili, 4 Januari 2026

Nimesema! Mbele ya kanisa lote!

Pasta Muturi aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda, nikajipata nimesimama. Nikawaambia vile mwaka jana binti yangu Shiko aliingia thieta kupasuliwa, na mimi hapo nje kwa benchi nikamwahidi Mungu: ukinirudishia huyu, nitasomesha mtoto asiye wangu. Shiko alirudi. Huyo hapo anamaliza chapati. Basi ni zamu yangu!

Nikamtaja Jerotich, msichana wa Kiprugut, yule huanzisha nyimbo za sande skuli. Ameitwa gredi ya kumi, shule ya bweni huko chini karibu na Nakuru, na tangu mamake afariki mambo kwao ni magumu. Makofi! Vigelegele! Jerotich alilia, nikalia, hata mzee wa kanisa akatoa hanki. Asante Yesu.

Jumatatu, 5 Januari

Tumeshinda Molo na Jerotich tukinunua vitu vya shule. Viatu, blanketi, ndoo, na sanduku la bati — la bluu, kubwa! Akijaribu sweta ananiuliza kama ni yake kabisa. Yako kabisa, mama! Nilifurahi hadi nikasahau kula.

Shiko anasema niko na kiherehere. Mwache.

Jumatano, 7 Januari

Tulipakia waru asubuhi, viazi vyote vya shamba. Nilikuwa na brashi ya rangi nyekundu, naweka alama kwa magunia kama kila msimu: W.N., jina langu Wangare Ndung'u, gunia lisipotelee sokoni. Sanduku lilikuwa hapo kando. Nikaliwekea pia! W.N., kubwa, juu ya kifuniko. Masanduku ya shule hupotea sana. Shiko amelipeleka kwa kina Jerotich.

Alhamisi, 8 Januari

Sanduku limerudi.

Kiprugut mwenyewe amelileta, begani. Si mtu wa kanisa, wala si mtu wa maneno. Ndiye hunipakilia magunia kila msimu, hiyo alama anaijua kuliko mimi. Akaliweka chini polepole, akaweka kidole kwa W.N. Akasema msichana wake si gunia la waru. Kwamba habari za mtoto wake kwenda shule alizisikia akiwa juu ya lori, watu wakimpa hongera. Kwamba mimi sijawahi kukanyaga kwake hata kumsalimia. Jerotich haendi. Akatoka.

Nilikasirika! Nilifokea masufuria. Mtu anasaidiwa, anajivuna? Na Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti! Na ahadi yangu je — nimwambie Mungu kwamba babake alikataa?

Shiko alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Na angekuwa mimi, mathe? Mtu asimame kanisani aseme atanisomesha, na wewe uko hapa nyumbani unachagua maharagwe, hujui kitu?"

Ningemfuata huyo mtu na mwiko.

Woi.

Ijumaa, 9 Januari

Aibu. Nimesugua hiyo W.N. na mafuta taa, kisha na msasa. Doa jekundu limekataa kutoka.

Jumamosi, 10 Januari

Nimeenda kwa Kiprugut, nimebeba sanduku. Sukari kilo mbili na majani chai, vile mtu huenda kwa watu. Vile ningeenda kabla ya kufungua mdomo kanisani!

Kiprugut hakuniambia nikae. Nikakaa. Nikamwambia: Baba Jerotich, nilikosa. Niliongea na Mungu, nikaongea na kanisa lote, na wewe mwenye mtoto nikakuruka. Leo sikuja kukupea kitu. Nimekuja kukuomba. Niruhusu nitimize ahadi yangu.

Nje ng'ombe anatafuna tu. Chini ya pazia naona vidole vya miguu vya Jerotich, havitulii. Mwishowe Kiprugut akanimiminia chai, akasema ninywe isipoe. Hakusema ndiyo, hakusema la. Lakini sukari ilibaki. Na sanduku pia! Nimerudi nyumbani nikikimbia, na haya magoti yangu.

Jumatatu, 12 Januari

Naandika nikiwa shuleni, kwa benchi la wazazi. Shuleni!

Asubuhi mapema walikuwa kwa geti yangu — Kiprugut na koti lake la harusi, Jerotich nyuma na yunifomu. Nilitaka kupiga kelele, nikauma mdomo. Akaniambia nisiharakishe, anakuja kuiona hiyo shule kwanza. Akiona haifai, wanarudi wote. Sanduku amelibeba mwenyewe, hakuna mtu amekubaliwa kuligusa. Halina jina. Doa langu tu.

Ameangalia bweni. Ameangalia choo. Ameuliza kuhusu maji. Uso wake hausomeki kabisa! Jerotich amenishika mkono mpaka vidole vimekufa ganzi, nimemwambia aniachilie niandike, ama nitazimia.

Karani ameita mzazi wa Jerotich. Nikasimama! Tena! Mungu nisaidie na haya magoti. Nimekaa.

Kiprugut ameenda. Amepewa fomu. Anaisoma yote, mstari kwa mstari, foleni inaguna. Karani anamwonyesha pa kuweka sahihi. Hajaweka. Anasoma tena. Bwana, fanya kitu!

Anapapasa mifuko ya koti. Moja. Nyingine. Karani naye anatikisa biki yake, imeisha wino.

Anageuka. Ananiangalia mimi. Ananyoosha mkono.

Mama Shiko, anasema, hebu hiyo kalamu