Nani Afungue Kaseti ya Hodan

Garissa, Jumamosi, baada ya alasiri. Upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Assalamu aleikum, daftari langu. Mimi mzima, kichwa tu kinanigonga. Baba Hodan, mume wangu, mzima, na redio yake nzima, afadhali ingeharibika. Fardosa, binti yangu mdogo, mzima, amenuna lakini anakula. Eedo Sahara, dada wa mume wangu aliyekuja msibani kutoka Hulugho, mzima, ila miguu inamvimba. Mbuzi wazima wote, hata yule mwizi wa nguo. Ayeyo...

Ona, mkono umeenda wenyewe. Wiki ya pili sasa tangu mama mkwe wangu atutoke, na nikihesabu watu wa nyumba bado ninamtafuta.

Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, alisema tuandike yaliyo moyoni, tusiogope makosa. Basi leo moyoni nina hasira.

Ya kwanza ni ya redio. Rais wa nchi ya watu amefariki, Mungu awape subira watu wake, na tangu Jumatatu hatusikii kitu ila tarumbeta. Jeneza linatoka hapa linakwenda pale, juu ya gari la mizinga. Bendera nusu mlingoti. Mgeni huyu akae mbele ya yule, mjane aingie baada ya nani. Baba Hodan alikuwa tarishi ofisi ya DC mpaka akastaafu, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni kupanga viti siku za sherehe. Kwa hiyo amelala na redio sikioni, anawasahihisha. "Hapo wamekosea! Mabalozi hawatangulii majaji!" Nani amemuuliza?

Mimi najiuliza tu huyo maiti anazikwa lini. Ayeyo alikata roho baada ya alfajiri, na kabla ya alasiri alikuwa ameshaoshwa, ameswaliwa, amelazwa. Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Mimi nilikuwa na sufuria za chai. Hata kulia, nililia nikikoroga sukari.

Hasira ya pili ni ya kaseti.

Binti yangu Hodan yuko Toronto na mume wake, na mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa. Barua ya maneno mengi mimi siwezi. Tukipata msafiri tunajaza kaseti, kila mtu anasalimu kwa zamu yake, na anayefungua mazungumzo siku zote ni Ayeyo, maana ndiye bibi aliyemlea Hodan mgongoni mwake. Kesho kuna jamaa yetu anapanda basi la Nairobi akapande ndege ya huko.

Na Hodan bado hajui. Hakuna aliyemwambia.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Salah kutafuta kaseti tupu.

"Mama, chukua hii ya dakika tisini, uongee mpaka uchoke."

"Mimi sichoki, Salah. Ni utepe wake unaochoka."

Ile ya tisini utepe wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Redio ya Hodan iliwahi kuumeza, tukaambiwa sauti ya Ayeyo ilitoka kama ngamia anayekataa kuamka. Mimi nataka ya sitini, yenye skrubu kwenye pembe, maana iliyogandishwa kwa gundi ikinasa huwezi kuifungua. Salah akasema za sitini zimekwisha, walimu na watu wa ofisini wamezibeba wakarekodi mazishi. Mazishi! Nikamwambia tafuta. Akaleta moja, nailoni yake imelegea. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaona utepe umeshasogea.

"Hii imeshaimba mahali, Salah. Rudisha."

Akacheka, akatoa nyingine chini ya meza, mpya kabisa, skrubu zote ziko. Halafu akasema, wala si kwa ubaya, "Basi iache hapa, Mama. Mzee wako alipita jana, anataka tuhamishie sauti ya Ayeyo pale mwanzo."

Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Tunayo kaseti moja ya zamani tuliyoikataa kwa sababu mbuzi alilia katikati. Ayeyo yumo, anamuuliza Hodan habari ya tumbo, anasema amemwekea samli. Salah ana redio ya kutoa sauti kwenye kaseti hii na kuiingiza kwenye ile. Kumbe Baba Hodan anataka marehemu afungue, Hodan asikie, adhani nyumbani ni vile vile.

Sikuiacha kaseti. Nilirudi nyumbani mbio, leso inapeperuka.

"Wewe, unataka mama yako amsalimu mtoto kutoka kaburini?"

"Punguza sauti, wanajeshi wanaingia."

Nikazima redio. Jambo hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

"Mama Hodan, mtoto ana mimba," akasema. "Habari kama hii ina utaratibu. Hata rais hatangazwi ovyo. Kwanza inaambiwa familia, halafu mawaziri, halafu ndiyo redio."

"Kwanza nani?"

"Familia."

"Na Hodan ni nani? Waziri?"

Eedo Sahara alicheka mpaka akashika magoti, kisha akalia. Baba Hodan hakucheka. Aliangalia ile redio iliyozimwa, nami nikaelewa kwamba hakuwa anamlinda Hodan peke yake. Wiki nzima anamzika wa watu. Wake hajamtaja hata mara moja.

Mimi pia naogopa, nisidanganye. Mimba ya kwanza, baridi ya kule, hana mama wa kumshika kiuno. Lakini akishajifungua je? Kaseti ijayo Ayeyo atasema nini? Atauliza tena tumbo ambalo halipo?

Baada ya adhuhuri tukakaa kwenye mkeka. Ile nafasi ya karibu na redio, ya Ayeyo, tukaiacha. Kila mtu akamwangalia mwenzake. Baba Hodan akasema bila kunitazama, "Nafasi ya kwanza haikai tupu. Hata kule ameapishwa mwingine siku ile ile. Sogea."

Nikasogea.

Nilianza na mume wake Hodan, nikamwambia akae karibu, amshike mkewe mkono. Ndipo nikasema, "Hodan, hooyo, mwanangu, leo ni mimi mama yako ninayefungua." Nikautazama utepe unavyozunguka. Najua hapo atajua. Nikamwambia yote, kwamba aliondoka kwa utulivu, na samli yake iko, hakuna aliyeigusa. Baba Hodan akafuata. Alisema, "Mama yangu amefariki," akasukuma redio kwa dada yake. Sijawahi kumsikia akisema maneno machache hivyo.

Tulipomaliza nilichukua kisu, nikavivunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Ukivivunja, redio haikubali kurekodi juu yake. Baba Hodan aliniona. Akawasha mazishi yake, sauti chini. Wageni walikuwa bado wanapangana, na safari hii hakumsahihisha mtu.

Kaseti nimeifunga pembeni mwa leso mpaka msafiri aje.

Hodan, ukishasikia usingoje msafiri wala kaseti. Piga simu dukani kwa Salah, atatuma mtu atuite. Sema tu kwamba umekula, na mtoto anacheza tumboni. Upesi, hooyo. Upesi.