Sensa Mbili Zilizotolewa Bure

Oakdale, Minnesota,
12 Februari 2025.

Mpendwa Mjomba Muriuki,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi hii. Goti lako laendeleaje? Shangazi Peris amepona kikohozi? Sisi tu wazima, na binti yetu Fiona ametimiza miaka minane. Lakini nina hasira, Mjomba, na hapa hakuna wa kunielewa.

Taa ya injini ya gari letu iliwaka Novemba. Kompyuta ikasema kosa liko kwenye hita ya sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi, bomba la moshi. Nikasema nitaipima mwenyewe. Nkirote, mke wangu, akacheka: "Baba Fiona, wewe siku hizi kazi yako ni kuogesha wazee. Hiyo gari wachia Brother Sydney, ako na garage." Sydney ni wa kanisa letu, na hapa ukimpita fundi wa kanisa umetangaza ugomvi.

Sydney hakupima chochote! Alitia sensa mpya, akafuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika. Jumapili Nkirote akasimama kanisani kutoa ushuhuda wa kumshukuru Mungu kwa kazi ya Sydney, watu wakapiga makofi. Jumanne taa hiyo hapo, imewaka tena. Akatia sensa nyingine. Ushuhuda wa pili, Mjomba, na taa ikarudi tena! Niliangalia viatu vyangu. Miaka kumi na mmoja kwenye gereji yako, na mke wangu anadhani sijui hita ni nini.

Mwezi uliopita nikaingia chini ya gari, theluji ikanilowesha mgongo. Nilichomoa plagi ya sensa, nikagusa waya kwa testa: umeme haufiki. Fyuzi imeungua. Nikatia nyingine, nayo ikaungua. Nikaufuata waya hadi nikaukuta umelalia ekzosi, ngozi yake ya plastiki imeyeyuka, unagusa chuma. Niliufunga kwa tepu, nikausogeza mbali na ekzosi, nikatia fyuzi mpya, yote kwa dakika ishirini. Zile sensa zilizotolewa zilikuwa kwenye buti la gari, nikazipima. Nzima zote mbili!

Taa haijarudi mpaka leo. Na Nkirote aliniambia nini? "Usiambie watu, utamwaibisha Brother Sydney." Aibu yangu mimi haikumpitia kichwani. Nilifoka mpaka Fiona akalia. Mtoto nimemwomba msamaha, mama yake bado.

Nisalimie Shangazi na vijana wote wa gereji. Mungu aitunze mikono yako iliyonifundisha kazi.

Nilipoondoka nilikuachia sanduku langu la spana nikisema sitalihitaji tena. Nilikosea. Kama hujalitoa, binti yako Makena aje nalo akija kututembelea Juni. Nitaliweka sebuleni.

Mpwa wako akupendaye sana,
Fundi Naftali