Mtungi Ulitoka Wapi

Kigwena, Rumonge
Jumanne, tarehe 10 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Eliana,

Amahoro. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umelala vizuri na umekula. Mgongo wa mama yako umepata nafuu? Na baba yako bado anakohoa vumbi la saruji huko dukani? Waambie nimeuliza, na kwamba nangoja jibu la kweli, si lile la "tupo tu."

Sisi huku ni wazima. Kaka yangu, babu yako Pontiani, anakula, anabishana, analala. Magoti yangu yanalalamika kila ninapopanda kutoka ziwani, lakini tumeshazoeana. Ziwa limefungwa kwa uvuvi miezi hii, kwa hiyo ndagala wamekuwa adimu, na jirani yetu Émérance, yule mama kutoka Baraka ya Kongo anayenunua samaki kule Magara, anashinda nyumbani akitafuta wa kumchokoza. Mara nyingi ananipata mimi, tangu nilipostaafu ualimu.

Sasa nije kwenye habari yako. Nimeitazama sana ile picha uliyonitumia kwa simu, ya ukurasa wako wa kwanza wa mazoezi. Ulisema ulifungua redio, ukasikiliza kipindi cha nusu saa juu ya vita vya dunia, ukajaribu kuandika kama utakavyoandika darasani mwezi wa saba. Naona kichwa cha habari kwa wino mwekundu, kimepigiwa mistari miwili iliyonyooka. Naona tarehe kwenye kona. Chini yake kuna mistari mitatu ya buluu, basi.

Ukaniambia kwamba huko Kidato cha Tano mwalimu wa historia ya dunia haandiki ubaoni wala hasomi imla. Anaongea tu, kwa Kiingereza, kipindi kizima. Kwa hiyo unataka kuiacha tahasusi ya historia uende kwenye ile ya hesabu, ambako kila kitu huandikwa ubaoni, na shule imekupa hadi mwisho wa mwezi huu kuamua. Ulimaliza kwa kusema huna kichwa cha historia.

Eliana, kosa hilo ni langu, si la kichwa chako. Ulipokuwa mwaka wa nne huku, darasani kwangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika kichwa kwa kalamu ya biki nyekundu, kuiweka chini, kuchukua lati, yaani rula, kupiga mstari, kisha kuchukua biki ya buluu. Daftari lako nililionyesha kwa mkaguzi. Jambo ambalo sikuwahi kukwambia, kwa sababu sikuwahi kulifikiria, ni kwamba ule ulikuwa ufundi wa mtoto ambaye mwalimu wake anangoja. Mimi nilikuwa nangoja. Niliandika sentensi moja, nikasimama na chaki mkononi mpaka biki arobaini zimebadilishwa. Huyo mwalimu wako wa Kigoma hatangoja.

Sikutaka kukujibu haraka haraka, baki au ondoka. Nilitaka kwanza kujua kama jambo hili mtu anaweza kujifunza, hata akiwa na miaka hamsini na minane. Basi nikajaribu mwenyewe.

Nilianzia kanisani, Jumapili ya mwisho wa mwezi wa tano. Nilikwenda na daftari jipya, biki mbili na lati yangu ya zamani. Mhubiri akataja somo lake, wana wa Israeli kutoka Misri. Nikaandika kichwa kwa nyekundu. Nikapiga mstari. Nikatafuta ile ya buluu, ikawa imeviringika chini ya benchi. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameshavuka bahari na farasi wa Farao wameshazama. Kuanzia hapo nikaanza kumkimbiza mhubiri neno kwa neno, na kila neno nililolikamata lilinikosesha matatu.

Tulipotoka, Émérance, aliyekaa nyuma yangu, akanishika mkono. "Mwalimu," akasema, "weye ulibaki na kichwa, siye tukaenda na mahubiri."

Nilicheka, lakini nikamuuliza yeye ameshika nini. Akanihesabia kwa vidole vinne mahubiri yote, kwa mpangilio, na kidole cha nne kilikuwa ndicho hasa alichotaka mhubiri tuondoke nacho. Yule mama aliacha shule mwaka wa tatu. Nikamuuliza anafanyaje. Akasema asubuhi kule Magara mitumbwi ikitia nanga, watu ishirini wanapiga kelele pamoja, kila mmoja anasifu samaki wake. Ukitaka kusikia yote hununui kitu. "Miye nashikaka tu neno lenye kunigeuza mawazo," akasema. "Mengine naachia upepo."

Neno hilo nililitembeza kichwani siku mbili. Lenye kunigeuza mawazo. Si neno zuri, wala neno gumu, wala neno alilolisema mwalimu kwa sauti kubwa. Ni lile ambalo kabla hujalisikia ulifikiri hivi, na baada ya kulisikia unafikiri vile.

Nikaiweka biki nyekundu kwenye kabati, na lati pia. Nikachukua ukurasa nikaugawa kwa mkono, mstari umepinda na nikauacha hivyo. Upande wa kushoto, mwembamba, ni wa lini, wapi, nani, na nini mkononi. Upande wa kulia ni wa maneno yangu mwenyewe, mafupi, kwa lugha yoyote itakayotangulia kufika, Kiswahili, Kirundi au Kifaransa. Wewe utaongeza Kiingereza. Chini nikaacha nafasi ya maswali. Nikatafuta mtu anayeongea bila kungoja, na huyo, kama unavyojua, hatuna haja ya kumtafuta mbali.

Jumatano mchana babu yako alikuwa uani na shoka, akipasua mikungu ya michikichi na kutenga ngazi, zile chikichi zenyewe, kwa ajili ya kukamua mawese. Nikamwomba anisimulie tulivyokimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Akashangaa, maana hadithi ile unaijua hata wewe. Kila Krismasi anaisimulia, kwa maneno yaleyale, na sote tunajua mahali pa kunyamaza na mahali pa kutikisa kichwa. Nilifikiri itanifaa kwa mazoezi kwa sababu haina jipya. Mimi nilikuwa na miaka mitano wakati huo, yeye kumi na miwili, kwa hiyo ninayoyajua yote ni ya kwake.

Akaanza. Asubuhi, uji uko motoni, jirani anapita mbio. Baba hayupo tangu juzi. Mama anachukua jembe na mkeka, ananibeba mgongoni, Pontiani anafuata. Wanapita kando ya msitu. Giza limeingia, wako ziwani, kuna mtumbwi. Ndani ya mtumbwi mimi nalia kiu, mama ananinywesha maji kutoka kwenye mtungi, kidogo kidogo. Siku ya pili tuko upande wa Tanzania.

Niliandika machache sana. Alipomaliza nilitazama upande wa kushoto, na kwa kweli, Eliana, nilihisi kama mtu aliyeishi nyumbani miaka yote kisha akaona mlango ambao hakuwahi kuuona. Juu nilikuwa nimeandika: asubuhi, jembe, mkeka. Chini: giza, mtungi. Katikati palikuwa peupe, upana wa vidole vitatu. Kutoka kwetu hadi ziwani ni mwendo wa saa moja, hata ukiwa na mtoto mgongoni. Na mama hakutoka nyumbani na mtungi.

Kama ningeandika kila neno, kama nilivyowafundisha ninyi, ukurasa ungejaa na nisingeona kitu.

Nikaandika swali chini, kisha nikalisoma kwa sauti. "Mtungi ulitoka wapi?"

Shoka likasimama. Hakuna anayemhoji babu yako juu ya hadithi ile, hata mhubiri hathubutu. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza nani amenituma niulize hilo. Nikamwonyesha ukurasa. Akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu, kisha akaweka kidole pale peupe.

"Hapa tulikuwa kwa Speciosa," akasema.

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Akanieleza taratibu, si kwa yale maneno ya Krismasi, maana haya hayakuwa na mpangilio; ilibidi ayatafute. Kwamba tulipofika kando ya msitu tulisikia watu mbele, na mwanamke mmoja, ambaye hakuwa wa upande wetu katika mambo ya mwaka ule, akatuvuta ndani, akatuingiza chumba alichowekea mawese. Akakaa mlangoni kutwa nzima akichagua maharage. Waliopita kuuliza aliwajibu hajaona mtu. Mimi nilipewa kiazi kitamu ili mdomo uwe na kazi. Jioni akajitwika mtungi wake kama mtu anayekwenda kuteka maji, akatutangulia hadi ziwani, na tulipopanda mtumbwi akautoa mtungi ukiwa umejaa, akampa mama.

Nikamuuliza kwa nini ametuficha miaka hamsini na mitatu. Jibu lake nakuandikia kama alivyolitamka.

"Mama aliniapisha hilo jina lisitoke mudomoni mpaka turudi, sababu maneno iko na miguu, yangemufikia yule mama vibaya. Basi tukarudi. Na hakuna mwenye aliuliza."

Nilikaa na ukurasa wangu. Nilikumbuka mtungi mweusi tuliokuwa nao kule kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania. Ulivunjika mwaka niliomaliza darasa la saba, mama akalia kama aliyefiwa, nasi tukamshangaa kumlilia chombo cha udongo. Hata siku ile sikuuliza. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa mwandiko.

Nyumba je, nikamuuliza, bado ipo? Akanitazama kwa huruma kidogo. Akasema naipita kila Jumapili nikienda kanisani. Ni kwa Providence. Huyo Providence unamfahamu, yule mwenye watoto wawili niliowafundisha mwaka mmoja na wewe. Speciosa alikuwa bibi yake, na alifariki kabla hatujarudi.

Jumamosi tulikwenda. Babu yako alitaka tupeleke mtungi, lakini sokoni siku hizi ni bidoni za plastiki tu, basi akajaza bidoni ya manjano mawese mapya na akaibeba mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Providence alidhani tumekuja kuchangisha kitu cha kanisa. Pontiani akasimulia, safari hii na ile sehemu ya katikati. Alipofika kwenye mtungi, Providence akaweka mkono mdomoni.

Kumbe na wao walikuwa na hadithi yao. Kwao husemwa, kwa kucheka, kwamba bibi yao aliwahi kwenda kuteka maji akarudi mikono mitupu, na mumewe alipomfokea akasema wimbi limeuchukua mtungi. Siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Miaka yote, mtu akipoteza kitu nyumbani mwao, wanamwambia amechukuliwa na wimbi la bibi. Hakuna aliyejua maana yake, na hakuna aliyeuliza.

Providence alimtazama babu yako, akanitazama mimi. "Kumbe lile wimbi ni nyinyi," akasema.

Akainuka akaingia jikoni. Kisha akatuletea viazi vitamu, nami nikavila pamoja na maganda yake.

Unaona kwa nini nimekuandikia kirefu hivi. Nusu ya hadithi ilikuwa kwetu, nusu kwao, mita mia tatu kati yetu, na kilichoziunganisha ni vidole vitatu vya nafasi tupu kwenye daftari la mwanafunzi mzee. Nadhani na hiyo historia ya dunia ni ya namna hiyo, tofauti ni kwamba majirani wake ni mataifa. Mwalimu atakapokwambia nchi fulani iliingia vitani na bunduki chache ikatoka na nyingi, usiandike sentensi yake yote. Andika chache juu, nyingi chini, na pembeni uulize zilitoka wapi. Jioni ufunike ukurasa umsimulie mama yako kwa Kiswahili akiwa jikoni. Pale utakapokwama ndipo pa kuuliza kesho.

Biki moja tu. Nakuomba sana, biki moja.

Kuhusu tahasusi, uamuzi ni wako. Hesabu ni somo zuri, na ukilipenda nitafurahi. Lakini usiikimbie historia kwa sababu ya lati yangu. Na umeniambia huna kichwa cha historia. Mimi nimekaa na kichwa changu kilekile miaka hamsini na mitatu, na hakikuwa kichwa kilichokosekana.

Una wiki tatu, na nina kazi ya kukupa humo. Chini ya ukurasa wangu kuna swali jingine sijalijibu: mwenye mtumbwi alikuwa nani? Babu yako anajua jina moja tu, Heri, na kwamba alikuwa mtu wa pwani ya huko kwenu, kusini kidogo ya Kigoma. Magoti haya hayanifikishi huko. Wewe uko huko. Tafuta wazee wa wavuvi, ukae nao, waache waongee bila kungoja, uandike. Ukimaliza, ndipo uende shuleni kusema unachotaka.

Nisalimie baba na mama yako, na mdogo wako Clever, umwambie barua yake ya mwisho niliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuelewa mwandiko. Babu yako anakusalimu, Émérance pia, na Providence, ambaye sasa anatuita ndugu. Barua hii anakuletea Hyacinthe, dereva wa lori la mawese. Mpe maji ya kunywa akifika.

Mungu akulinde njiani na mezani, akupe masikio mapana kuliko kalamu. Murakoze kwa kunivumilia.

Humu ndani nimekuwekea ule ukurasa wenyewe. Zamani ningeunakili upya, safi, kabla ya kuutuma. Safari hii sikuunakili. Pale katikati, peupe, utaona doa la rangi ya chungwa. Usilifute. Ni mawese, ni kidole cha babu yako.

Wako akupendaye daima,
Bibi yako Kornelia